Houston McTear, mwanafunzi aliyeifikia rekodi ya dunia: ni nini hasa kilichomkwamisha?

Mwalimu wa Zamu (Ilemela)

Wanajukwaa, nawasalimu.

Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule moja ya sekondari ya kutwa wilayani Ilemela, Mwanza. Juzi mvua ilitukuta uwanjani, tukakimbilia barazani, na katika kungoja ikatike nikawasimulia vijana wangu wa riadha habari za Houston McTear, ambaye hakuna hata mmoja wao aliyepata kumsikia. Niliwaeleza kwamba mwezi Mei 1975, katika mashindano ya shule za jimbo la Florida yaliyofanyika Winter Park, mwanafunzi huyo kutoka mji mdogo wa Baker alikimbia yadi 100 kwa sekunde 9.0, muda uliokuwa sawasawa na rekodi ya dunia ambayo Ivory Crockett, mtu mzima, aliiweka mwaka uliotangulia. McTear alikuwa na umri wa miaka 18, na bado alikuwa amebakiza mwaka mmoja wa shule. Baba yake alikuwa kibarua katika kiwanda cha kupasulia mbao, na ufukara wa nyumba yao ulimgusa bondia Muhammad Ali hata akainunulia familia hiyo nyumba.

Vijana walisikiliza kwa makini mpaka mmoja wao akauliza huyo bwana alitwaa medali ngapi za Olimpiki. Nikajibu kwamba hakutwaa hata moja, wala hakupata kusimama kwenye mstari wa kuanzia wa Olimpiki. Kijana akanitazama kama mtu aliyeuziwa sato, akafika nyumbani, akafungua mfuko na kukuta furu.

Alitaka kujua kwa nini, nami nilipoanza kujibu nikajikuta natoa majibu matatu yanayogombana. La kwanza ni paja: mwaka 1976, katika mchujo wa Marekani uliofanyika Eugene, McTear alimaliza wa pili nyuma ya Harvey Glance, lakini aliumia msuli wa nyuma ya paja, na nafasi yake ya kwenda Montreal ikachukuliwa na mwanafunzi mwingine, Johnny Jones wa Lampasas, Texas. La pili ni siasa: alipona, na mwaka 1978 akakimbia mita 60 za ukumbini kwa sekunde 6.54, muda bora kuliko yote duniani wakati ule, lakini mwaka 1980 serikali ya nchi yake ikasusia michezo ya Moscow. La tatu ni umaskini, kwa maana kwamba alitoka katika dhiki, akaingia katika sifa kwa ghafla, kisha akaangukia dawa za kulevya na kufikia kulala nje katika mji wa Santa Monica, California.

Naomba wenye kulifahamu jambo hili wanisaidie kupima ni lipi kati ya hayo lililokuwa zito zaidi. Siulizi kwa kutaka ubishi. Ninaye kijana wa kidato cha tatu ambaye nimempima sekunde 10.6 katika mita 100, akiwa pekupeku juu ya nyasi, na mjomba wake, anayefanya biashara ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, ananiambia kwamba anakusudia kumwachisha shule na kumkabidhi kwa mtu aliyeahidi kambi, viatu na safari za nje. Nimepewa mpaka mwisho wa mwezi kumjibu mzee huyo, na sitaki kumjibu kwa hadithi niliyoielewa nusu.

Mzee wa Saa

Mwalimu, salamu zako zimefika. Nimeshika saa katika mashindano ya shule, kuanzia ya kata mpaka ya kanda, kwa miaka mingi, na kwa hiyo utaniwia radhi nikianza na zile sekunde 9.0 kabla ya kufika kwenye paja, kwa sababu naona watu wengi wanazitaja bila kujua zilikuwa na maana gani.

Yadi 100 ni mita 91.44. Mkimbiaji wa kiwango cha McTear, akiwa ameshafika kwenye kasi yake, anahitaji kama sekunde nane au tisa za kumi kuzimaliza zile mita nane na nusu zinazobaki ili kufikisha mita 100. Ukijumlisha unapata takriban 9.8 au 9.9 kwa saa ya mkono. Sasa, saa ya mkono humpendelea mkimbiaji, kwa kuwa anayeishika huchelewa kidogo kuibonyeza wakati wa kuanza, ilhali pale mwisho anamwona mkimbiaji akija na hujiandaa. Ndiyo maana kanuni ya kulinganisha saa ya mkono na ya umeme katika mita 100 ni kuongeza sekunde 0.24. Kwa hesabu yangu hii ya penseli, McTear alikuwa na mita 100 za kama sekunde 10.1 za umeme. Rekodi ya dunia ya umeme wakati huo ilikuwa 9.95 ya Jim Hines, iliyowekwa mwaka 1968 katika hewa nyepesi ya Mexico City, na Hasely Crawford wa Trinidad na Tobago aliitwaa dhahabu ya Montreal kwa 10.06. Kwa hiyo ni kweli kabisa kwamba yule mwanafunzi alikuwa miongoni mwa watu wenye kasi kubwa kuliko wote duniani, lakini si kweli, kama wengine wanavyosimulia siku hizi, kwamba alikuwa amewaacha wenzake wote nyuma. Alikuwa amefika walipo. Kubaki hapo kulihitaji kazi nyingine.

Kuna jambo jingine la majira. Mwaka mmoja tu baadaye, shirikisho la dunia liliacha kuandikisha rekodi za yadi, isipokuwa ile ya maili, na kuanzia mwaka 1977 rekodi za mbio fupi zikawa zinakubaliwa kwa saa ya umeme peke yake. Ile 9.0 ikawa kama noti iliyoondolewa kwenye mzunguko, unayo mkononi, ni halali, ila hakuna duka linaloipokea. Sidhani kwamba jambo hilo ndilo lililomwangusha, lakini mtu aliyejengewa jina kwa muda mmoja ni vema kujua kwamba muda huo ulikosa soko mapema.

Sasa nikuulize kuhusu huyo wa kwako. Ulimwanzisha kwa nini? Kwa filimbi? Na wewe ulisimama wapi?

Binti wa Nyegezi

Shikamoo Mzee wa Saa, na pole kwa Mwalimu. Mimi nimesomea sheria, na nadhani katika majibu yako matatu, Mwalimu, umeliacha la nne ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: McTear alikuwa na bidhaa ambayo kanuni za mchezo wake zilimkataza kuiuza.

Katika miaka yake ya ubora, riadha ilikuwa bado chini ya kanuni za uridhaa, maana yake ni kwamba mkimbiaji aliyepokea malipo kwa sababu ya mbio zake alikuwa katika hatari ya kufungiwa. Fedha zilikuwepo, kwa sababu waandaaji wa mashindano walijua fika ni nani anayejaza viti, lakini zilipitia mlango wa nyuma, zikiwa taslimu, bila mkataba na bila hesabu. Ni mwaka 1982 ndipo shirikisho la dunia liliporuhusu mifuko maalumu ya kuwawekea wanariadha mapato yao, na kufikia hapo McTear alikuwa na miaka 25 na maisha yake yalikuwa yamekwisha kwenda mrama. Fikiri basi kijana aliyekulia katika nyumba isiyo na kitu, anayepewa bahasha leo na kesho akaambiwa kwamba bahasha hiyo haikuwepo. Hawezi kudai anachostahili, hana cha kuweka benki kwa jina la kazi yake, na anayempa fedha hizo hana wajibu wowote siku atakapoumia. Hata wema wa Muhammad Ali, ambao ni wema wa kweli, ulikuwa hisani ya mtu mmoja, na hisani, tofauti na mkataba, haina kifungu cha kuumia paja.

Mlinganishe na Allyson Felix. Mwaka 2003 alikuwa mwanafunzi wa Los Angeles Baptist, shule ndogo tu, na akiwa na miaka 17 alikimbia mita 200 kwa sekunde 22.11 mjini Mexico City. Hakupewa rekodi ya dunia ya vijana kwa mbio hizo, kwa kuwa baada ya mashindano hakukuwa na upimaji wa dawa, na naomba Mzee wa Saa alione hilo, kwamba muda mzuri usio na karatasi hauendi mbali. Lakini mwaka uohuo alitia saini mkataba na Adidas, na ndani ya mkataba ule kampuni ilikubali kumlipia ada ya Chuo Kikuu cha Southern California. Akasoma ualimu wa shule ya msingi mpaka akahitimu, huku akikimbia. Mwaka 2004 mjini Athens alipata medali ya fedha ya mita 200 kwa 22.18, safari hii rekodi ya vijana ikahesabiwa. Medali yake ya mwisho ya Olimpiki ilikuja mwaka 2021 mjini Tokyo, ya kumi na moja, saba kati yake zikiwa za dhahabu. Ni miaka kumi na saba kati ya medali ya kwanza na ya mwisho, Mwalimu, kwa mtu ambaye wenzake shuleni walimtania kwamba ana miguu ya kuku.

Wala mkataba haukumaliza matatizo yake. Mwaka 2018 alijifungua kabla ya wakati, ujauzito wake ulipomletea shinikizo la damu la hatari, na mwaka uliofuata alijitokeza hadharani kueleza jinsi Nike, aliyokuwa nayo wakati huo, ilivyotaka kumpunguzia malipo na kusita kumhakikishia kwamba hataadhibiwa akishuka kiwango katika miezi ya uzazi. Aliondoka. Lakini aliweza kulalamika kwa sababu palikuwa na karatasi ya kulalamikia, na McTear hakuwa nayo.

Kwa hiyo swali langu kwa mjomba wa Kirumba lingekuwa fupi: huyo mtu anayeahidi kambi ameandika nini, na nani atalipa ada ya shule?

Ngosha wa Sengerema

Kwa heshima zote, tusimvike mtu kanzu ya malaika. Johnny Jones, yule aliyechukua nafasi yake, alikuwa naye mwanafunzi wa mji mdogo, alikwenda Montreal akawa wa sita katika mita 100 na akarudi na dhahabu ya kupokezana vijiti, kisha akaingia kwenye kandanda ya Kimarekani na mwaka 1980 akachaguliwa wa pili katika nchi nzima na New York Jets. Kanuni za uridhaa zilimhusu vilevile. Mtu mwenyewe ana sehemu yake katika maisha yake.

Binti wa Nyegezi

Ndugu Ngosha, huyo Jones unayemtaja alikuwa na kandanda ya kulipwa ya kukimbilia, naye pia baadaye alikuja kupambana na ulevi na dawa za kulevya, jambo alilolieleza mwenyewe waziwazi kabla ya kufariki mwaka 2019. Sisemi kwamba McTear hakuwa na sehemu yake. Ninasema kwamba wawili walioletewa sifa ya dunia wakiwa bado shuleni, mmoja akiwa na fedha nyingi na mwingine akiwa hana, walipita katika shimo lilelile, na hilo linanifanya nisite kusema kwamba umaskini peke yake ndio uliomaliza kazi.

Msomaji wa Capri Point

Mjadala huu umenigusa kwa sababu ya ile miaka miwili, 1976 na 1980, ambayo kwetu sisi wa Tanzania ina kumbukumbu zake.

Mwaka 1976 McTear alikosa Montreal kwa paja, na sisi tuliikosa kwa msimamo. Nchi za Afrika zaidi ya ishirini, Tanzania ikiwamo, hazikushiriki kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu na New Zealand haikuzuiwa kuja Olimpiki. Filbert Bayi, ambaye mwezi Februari 1974 kule Christchurch alikuwa ameongoza mbio za mita 1500 kuanzia mlio wa bastola mpaka utepe na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3:32.2, akabaki nyumbani, na John Walker wa New Zealand hiyohiyo akachukua dhahabu. Miaka minne baadaye mambo yakageuka: Marekani ikasusia, sisi tukaenda, na Moscow ndiko Tanzania ilikopata medali zake mbili za Olimpiki, fedha ya Bayi katika mita 3000 kuruka viunzi na maji, na fedha ya Suleiman Nyambui katika mita 5000.

Nyambui namtaja kwa makusudi, Mwalimu, kwa kuwa ni mtu wa ziwa letu, mzaliwa wa Majita kule Musoma. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kwenda kusoma Chuo Kikuu cha Texas pale El Paso, na alipopanda jukwaa la Moscow alikuwa na miaka 27. Hakuna aliyemtangaza kuwa maajabu ya dunia akiwa kidato cha tatu. Najua kwamba mbio ndefu hukomaa kwa kuchelewa na mbio fupi huwahi, lakini hata katika mbio fupi mfano upo hapa jirani. Ferdinand Omanyala wa Kenya alicheza raga kwanza, akaanza mbio akiwa amevuka umri wa sekondari, na aliifikia sekunde 9.77 katika mita 100 pale Nairobi mwezi Septemba 2021 akiwa na miaka 25. Njiani alifungiwa miezi kumi na minne, mwaka 2017, kwa dawa iliyokutwa mwilini mwake baada ya kutibiwa mgongo, na akarudi. Alikuwa na umri wa mtu mzima wa kustahimili kishindo kama hicho.

Nirudi kwa McTear, kwa sababu hakuna aliyesimulia mwisho wake na naona si haki kumwacha akilala nje Santa Monica. Mwaka uleule wa 1980, katika fainali ya mita 100 ya wanawake pale Moscow, Linda Haglund wa Sweden alimaliza wa nne. Huyu ndiye aliyekutana na McTear baadaye huko California alipokuwa katika hali mbaya, akamsaidia kuachana na dawa, na McTear akahamia Sweden, akaishi huko miaka mingi mbali kabisa na watu waliomjua kwa ile 9.0. Alifariki tarehe 1 Novemba 2015 kwa saratani ya mapafu, akiwa na miaka 58. Haglund naye akafariki mwezi uohuo.

Kwa hiyo, ukiniuliza, neno "kukwamishwa" linafaa kwa ile miaka ya 1976 hadi 1980. Halifai kwa maisha yake yote.

Mkimbiaji Mstaafu (Igoma)

Wakubwa zangu shikamooni, na wengine habari zenu. Sikukusudia kuandika, lakini Ndugu Msomaji ameutaja ule muda wa kati ya 1976 na 1980 na mimi nina neno kuhusu paja.

Nilikimbia mita 100 na 200 kwa ajili ya mkoa wangu nikiwa mwanafunzi. Nikiwa kidato cha nne alinijia mtu mmoja, aliyejiita wakala, akaniambia niache kupoteza muda na mitihani kwa sababu ndani ya miezi sita nitakuwa Ulaya. Alininunulia jozi moja ya viatu vya misumari, vikanibana, na akanipeleka katika mashindano matatu ndani ya siku tisa. Katika ya tatu nilisikia kitu nyuma ya paja la kushoto kama kamba ya ngoma inayokatika. Watu hudhani msuli huo huuma sana, kumbe maumivu yenyewe ni ya siku chache. Kinachokumaliza ni wiki ya nne, unapotembea vizuri, unapanda ngazi vizuri, unajidanganya kwamba umepona, halafu unakimbia kwa nguvu zote na unakatika palepale, safari hii vibaya zaidi. Yule bwana alipoona sikimbii tena hakupokea simu. Mtihani wa kidato cha nne niliufanya nikiwa nimekosa nusu ya masomo, na matokeo yake yalikuwa ya mtu aliyekosa nusu ya masomo.

Kwa sababu hiyo, ninapolisoma jambo la McTear, simwoni kama mtu aliyeshindwa na paja. Usain Bolt alikuwa na jeraha la aina hiyohiyo katika umri unaokaribiana na huo. Akiwa na miaka 15 alishinda mita 200 za dunia za vijana pale Kingston mwaka 2002, na mwezi Aprili 2004, akiwa na miaka 17, alikimbia 19.93, kijana wa kwanza wa chini ya miaka 20 kushuka chini ya sekunde 20. Kisha akaumia, akaenda Athens akiwa hayuko sawa, na akatolewa katika raundi ya kwanza kwa 21.05. Ukiwa Mwanza mwaka 2004 na ukaona matokeo hayo ungesema kijana amekwisha. Lakini baada ya hapo alichukuliwa na kocha Glen Mills, ambaye alitumia miaka kadhaa kuurekebisha mwili wenye uti wa mgongo uliopinda, bila kumfukuzia medali ya haraka. Bolt akaenda Beijing mwaka 2008 akiwa na miaka 21.

McTear alipoumia alikuwa na miaka 19. Kama angekuwa na Moscow ya kumsubiri, angekuwa huko akiwa na miaka 23, na bado angelazimika kuipita mchujo wa Marekani, ambao si mteremko. Hatujui. Lakini mwanariadha aliyeumia huhitaji tarehe ya mbele ya kuitazama, na mtu wa kukaa naye mpaka ifike. Tarehe yake ilifutwa na serikali yake, na wa kukaa naye alimpata baadaye sana, naye alikuwa Haglund. Hilo ndilo jibu langu kwa swali lako, Mwalimu.

Mwalimu wa Zamu (Ilemela)

Nawashukuru nyote, na Ndugu wa Igoma nakupa pole ambayo najua imechelewa.

Nianze na swali la Mzee wa Saa, ambalo nililikwepa kwa siku mbili kwa sababu nilishahisi linakoelekea. Ndiyo, nilimwanzisha kwa filimbi. Mwanafunzi mmoja alipuliza kule mwanzo, nami nilisimama mwisho na saa ya simu yangu, nikabonyeza niliposikia. Na uwanja wetu, kama mnavyozijua ardhi zetu za mawe, una mteremko kidogo unaoelekea upande wa ziwa.

Binti wa Nyegezi, nimemfikishia mjomba lile swali lako la maandishi na ada. Alinyamaza kwa muda, akaendelea kupekua dagaa wake, kisha akasema kwamba huyo mtu aliahidi kwa mdomo, ila ni mtu anayeheshimika. Nikamwomba ruhusa nimsimulie habari za Houston McTear. Alisikiliza mpaka mwisho, na alichokiuliza hakikuwa paja, wala siasa, wala mkataba. Aliuliza: "Huyo mzungu wa kike, alimkuta kijana amelala nje, na ndugu zake walikuwa wapi?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia tu kwamba kutoka Florida mpaka California ni mbali kuliko kutoka hapa mpaka Kinshasa.

Mzee wa Saa

Ahsante kwa ukweli wako, na usione haya, kwa sababu nimewaona maofisa wenye beji wakifanya hayohayo. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mlio wa filimbi hukufikia mita 100 mbali ukiwa umechelewa kwa karibu sekunde 0.3. Kijana ameshaanza kukimbia, saa yako bado imelala. Ndiyo maana washika saa huangalia moshi wa bastola, na pasipo bastola watu hugonganisha vibao viwili juu ya kichwa ili mwisho waone mikono ikikutana. Chukua ile 10.6, ongeza 0.3 ya sauti, ongeza 0.24 ya mkono, unapata kama 11.1. Mteremko wa ziwani siuhesabu.

Kijana wa kidato cha tatu anayekimbia 11.1 pekupeku juu ya nyasi ni kijana wa kulelewa kwa uangalifu, na ningefurahi kumwona. Ila si kijana wa kuachishwa shule mwezi huu, na huyo mheshimiwa wa kambi, ikiwa anaijua riadha, alipaswa kuuliza swali nililokuuliza mimi kabla ya kuahidi ndege.

Jumamosi saa moja asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaanza, nitakuwa uwanja wa Nyamagana nikiwa na kamba ya kupimia, vibao vyangu na saa tatu. Kanuni ni kwamba saa mbili zikikubaliana ndizo zinazofuatwa, na zote tatu zikitofautiana huchukuliwa ile ya katikati. Moja nitashika mimi, moja shika wewe. Ya tatu mpe mjomba.